Ushauri: Oveni ya jua tuliyotengeneza na watoto haiivishi wali

MamaMdogo_Dom: Wakuu, heshima kwenu. Niko Dodoma. Watoto wamefunga shule, tukatengeneza oveni ya jua: boksi dogo ndani ya kubwa, katikati tumeshindilia magazeti, kifuniko tumebandika foili, juu kioo cha dirisha. Jana tumeweka wali saa nne asubuhi, hadi saa tisa punje bado zina kiini. Mdogo kasusa kula. Jumamosi nimewaahidi maharage mekundu humo humo. Nimekosea wapi?

Baba_Watatu: Mkaa kidogo tu, wali unaiva nusu saa. Mtoto anataka kushiba, siyo majaribio.

FundiMwiko: Magazeti msiyashindilie, hewa iliyomo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Mnafungua kioo mara ngapi? Na ndani mmepaka nini?

MamaMdogo_Dom: Wanachungulia kila dakika, siwezi kuwakataza. Ndani ni rangi nyeusi.

Turkana_Wetu: Nimekulia Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Turkana, Kenya. Kuanzia 1995 wakimbizi walifundishwa kupikia jua: kadibodi yenye foili, sufuria nyeusi ndani ya mfuko wa plastiki. Mama alikuwa anatega asubuhi, anaenda kwenye foleni ya mgao, akirudi dengu zimeiva. Siku hiyo haendi porini kutafuta kuni, na sisi tunashinda na amani. Nikisikia harufu ya dengu mpaka leo namkumbuka.

FundiMwiko: Dada, rangi gani?

MamaMdogo_Dom: Ya mafuta, ilibaki kwenye geti. Imekauka siku mbili na sufuria ina mfuniko. Mkubwa alisema macho yanamuwasha, nadhani ni vumbi la huku. Siwezi kuanza upya, wameshaandika majina yao kwenye boksi.

FundiMwiko: Siyo vumbi. Rangi ile ikipata joto inatoa mvuke, na mvuke unaingia kwenye chakula. Msipikie humo tena.

Kijiwe_Nongwa: Hii chai. Mwezi wa tatu ulifungua uzi hapa kwamba huna mtoto, unatafuta daktari wa uzazi. Leo una wawili wamefunga shule?

Baba_Watatu: Hata mimi nilihisi. Tupia picha.

MamaMdogo_Dom: Ni wa dada yangu. Tumemzika mwezi wa nne. Tangu waje kwangu mdogo alikuwa haongei na mimi, akitaka maji anamtuma kaka yake. Siku ya boksi ndiyo kasema, "Mama mdogo, shika hapa gundi ikauke." Sitaki kulitupa.

Kijiwe_Nongwa: Pole sana dada. Nimekosa, nisamehe.

FundiMwiko: Pole, dada. Majina yako boksi lipi?

MamaMdogo_Dom: La nje.

FundiMwiko: Basi hilo libaki. Toa la ndani, omba jingine dukani. Kwangueni masizi ya sufuria ya kuni, changanya na uji wa ngano, pakeni boksi na sufuria kwa nje, muanike. Maharage mekundu acha kabisa, yasipochemka vizuri yanatapisha. Anzeni na viazi vitamu vidogo. Funga saa nne, geuza boksi kufuata jua, kioo kisifunguliwe hadi saa nane.

MamaMdogo_Dom: Jirani anapikia kuni. Mdogo yuko kwake sasa hivi anakwangua sufuria kwa kijiko, mweusi mpaka kwenye viwiko.