Maonyesho ya gemu kwa mara ya kwanza: Gamescom, Tokyo, PAX au Gen Con?

Shabiki Mpya

Wakuu, salaam. Nimefuatilia maonyesho makubwa ya gemu kupitia skrini kwa muda mrefu, na sasa nimeamua kwenda mwenyewe. Mfuko unaruhusu safari moja tu, kwa hiyo naomba tulinganishe kabla sijalipia chochote. Nimechuja nikabaki na Gamescom ya Köln, Ujerumani, Tokyo Game Show, PAX West ya Seattle na Gen Con ya Indianapolis. Napenda gemu kubwa zenye hadithi, zile unazocheza peke yako usiku kucha, lakini napenda vilevile gemu za mezani, za kadi na dadu. Nitasafiri peke yangu.

Kwa sasa naegemea Gamescom kwa sababu inasifiwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Je, kwa mgeni kabisa ukubwa huo ni faida au ni mzigo? Na yale maonyesho ya E3 ya Los Angeles, kuna dalili yoyote ya kurudi?

Mzee wa Konsoli

Karibu sana. E3 iondoe kichwani. Ilianza 1995, ikafanyika ukumbini mara ya mwisho 2019, na Desemba 2023 waandaaji walitangaza kwamba imekwisha moja kwa moja. Tena kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ya wafanyabiashara na waandishi wa habari. Umma ulifunguliwa mlango 2017.

Gamescom sasa. Ilianza Köln 2009, ikachukua nafasi ya maonyesho yaliyokuwa yakifanyika Leipzig. Mwaka 2025 ilipokea watu wapatao 357,000 katika siku tano. Tafakari namba hiyo ukiwa wewe ndiye uliyesimama kwenye foleni. Tuseme banda la gemu ambayo haijatoka lina viti 40, na kila kundi linachukua nusu saa kuingia, kuelezwa, kucheza na kutoka. Hao ni watu 80 kwa saa. Ukikuta watu 300 mbele yako, ni karibu saa nne za kusimama ili ucheze dakika ishirini. Siku ukipata gemu mbili za aina hiyo, umefanya vizuri.

Nasema hivi nikiwa naipenda Gamescom kwa dhati. Saa nne hizo zina thamani yake ikiwa kweli unaitamani gemu hiyo kuliko zote. Tatizo ni kwamba wageni wengi hupanga gemu kumi, wakitoka nje jioni wamegusa moja na miguu imevimba. Chagua moja kwa siku, iendee mara milango inapofunguliwa, halafu saa zinazobaki zitumie kwenye kumbi ambazo foleni ni fupi: sehemu ya Indie Arena Booth na ile ya konsoli za zamani. Kwenye gemu za studio ndogo mara nyingi unacheza huku aliyeitengeneza amesimama kando yako, anakuangalia unapokwama na kukuuliza kwa nini. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wa Köln, si pale penye skrini kubwa.

Nuru ya Pikseli

Naongezea machache juu ya Köln ambayo mgeni hayajui. Siku ya Jumatano ni ya watu wa tasnia na vyombo vya habari. Umma huingia Alhamisi hadi Jumapili. Jumamosi ndiyo hujaa kupita zote, na tiketi zake huwahi kuisha. Ukiweza, chukua Alhamisi na Ijumaa. Ile hafla ya ufunguzi inayoongozwa na mtangazaji wa gemu Geoff Keighley hufanyika Jumanne usiku na ina tiketi yake tofauti, hivyo usidhani tiketi ya maonyesho inakuingiza huko.

Jambo la pili ni umri. Ujerumani wako makini sana na madaraja ya umri ya gemu. Unaonyesha kitambulisho, unavishwa mkanda wa mkononi unaoonyesha umri wako, na bila mkanda huo banda la gemu za miaka 18 huingii hata kama una mvi. Mabanda hayo yamezungushiwa kuta ili watoto wanaopita wasione ndani. Chukua mkanda kwanza, foleni baadaye. Inauma mtu akirudishwa mlangoni baada ya kusubiri saa tatu.

Tokyo Game Show nayo ni nzuri mno lakini ina mambo yake. Inafanyika Makuhari Messe, jijini Chiba, si Tokyo penyewe, ingawa treni ya njia ya Keiyo kutoka kituo cha Tokyo inakufikisha Kaihin-Makuhari bila shida. Imekuwepo tangu 1996 na 2024 ilipata watembeleaji 274,739. Siku za mwanzo ni za biashara, umma unangoja wikendi. Mabanda mengi hutumia tiketi za namba kwa kila gemu: asubuhi zinagawiwa, zikiisha basi, hata ukisubiri hadi jioni huchezi. Utaratibu huo naupenda, kwa sababu ukishapata namba yako uko huru kuzunguka hadi saa yako ifike. Ila demo nyingi, yaani vipande vya gemu vya kujaribu, ziko kwa Kijapani tu. Kwa mtu wa gemu za mapigano au mbio za magari si neno. Kwako wewe unayependa hadithi, utakuwa unabonyeza vitufe bila kujua mhusika analia nini.

Dadu Mbili

Naomba kumuuliza mwenye uzi swali ambalo naona tumeliruka. Unataka kwenda *kuona* gemu au kwenda *kucheza na watu*? Maana hayo ni maonyesho ya aina mbili kabisa, na orodha yako imeyachanganya.

Gamescom na Tokyo, kwa sehemu kubwa, ni mahali ambapo kampuni zinakuonyesha kitu. Gen Con ni mahali ambapo watu wanakaa pamoja mezani. Iliasisiwa na Gary Gygax mwaka 1968 kwenye mji wa Lake Geneva, Wisconsin, miaka sita kabla yeye na Dave Arneson hawajatoa gemu ya mezani ya kuigiza uhusika, Dungeons & Dragons. Tangu 2003 iko Indianapolis. Mwaka 2024 ilivuka watu 70,000. Pamoja na wingi huo, nafasi yako wewe ni kiti kimoja kwenye meza yenye watu watano au sita, kwa saa nne mfululizo. Hakuna skrini inayokuambia muda umekwisha. Kwa anayesafiri peke yake sijaona kinachofanana na hilo. Unakaa na watu usiowajua, na kabla gemu haijafika katikati mnagombana kama wazaliwa wa tumbo moja juu ya nani afungue mlango wa pango.

Lakini lazima uelewe utaratibu wake, kwa sababu unawachanganya wageni kila mwaka. Beji, yaani tiketi ya kuingilia, inakuingiza kwenye ukumbi wa wauzaji na maeneo ya wazi. Gemu zilizopangwa, ambazo ni maelfu, zina tiketi zake. Miezi kadhaa kabla, ratiba inatolewa, unaandaa orodha ya unayoyatamani, na siku usajili unapofunguliwa unaituma. Mfumo unaziweka orodha zote kwenye foleni, na nafasi yako unaweza kuikuta mbali. Kwa hiyo usiweke orodha ya gemu tano maarufu ukadhani umemaliza. Weka za akiba nyingi kwa kila saa, hasa gemu za zamani na zile zisizo na jina kubwa, kwani meza hizo huwa na nafasi na waendeshaji wake wana moyo. Ukikosa kabisa, nunua tiketi za jumla, zisizofungwa na gemu moja, uende mezani muda wa gemu ukifika. Msajiliwa asipotokea, kiti chake ni chako.

Hoteli za karibu na ukumbi ndiyo kazi ngumu. Zinagawiwa kwa mfumo wa bahati pia, na wengi huishia kulala mbali.

Mzee wa Konsoli

Dadu Mbili amegusa penyewe, ila sikubali kwamba Köln hakuna kucheza na watu. Foleni yenyewe ni kijiji. Watu wanashirikiana konsoli za mkononi, wanatunziana nafasi, wanapeana siri za gemu.

Dadu Mbili

Mzee, nakuheshimu, lakini kupiga soga kwenye foleni ni kusubiri gemu. Mimi naongelea gemu yenyewe.

Na kama Ulaya ni rahisi kwako kuliko Marekani, ongeza SPIEL, maonyesho ya gemu za mezani ya Essen, Ujerumani, Oktoba. Imekuwepo tangu 1983, na 2024 ilipokea watu 204,000. Hapo hakuna tiketi ya kila gemu: tiketi ya mlangoni inatosha, unazunguka, ukiona meza imeachwa unakaa, mtu wa banda anakufundisha. Gemu nyingi mpya za mezani hupatikana hapo kabla hazijafika madukani. Tofauti na Gen Con ni kwamba Essen unacheza raundi mbili tatu ili kuonja, halafu unanunua au unaondoka. Kampeni ndefu ya kuigiza uhusika, yaani hadithi moja mnayoiendeleza mezani kwa muda mrefu, si mahali pake.

Ngumi na Teke

Kwa kifupi tu, kwa sababu hakuna aliyetaja mashindano. Evo ya Las Vegas ni ya gemu za mapigano, na mtu yeyote anayelipia usajili anaingia kwenye mchuano uleule na mabingwa. Unaruhusiwa kupoteza pambano moja. La pili linakutoa. Mgeni anaweza kupangwa na bingwa wa dunia raundi ya kwanza, jambo ambalo huwezi kulipata kwenye mpira wala ndondi. Unakwenda na kontrola yako mwenyewe. Kama haina waya, hakikisha umeitenganisha na konsoli ukimaliza kucheza. Ikibaki imeunganishwa, kitufe utakachobonyeza ukiwa kwenye kiti cha mbali kinaweza kusimamisha pambano la wengine.

Kwa aliyeanzisha uzi siipendekezi, kwa sababu ladha yake ni hadithi na meza. Ila atakayesoma baadaye akiwa mtu wa ngumi, ajue ipo.

Shabiki Mpya

Asanteni sana, mmenifungua macho. Swali la Dadu Mbili limenikaa. Nikiwa mkweli, gemu mpya nitazicheza tu zikitoka. Kitu ambacho sina nyumbani ni watu wa kucheza nao. Kwa hiyo Tokyo na Gamescom naziweka kando kwa safari hii. Lakini Gen Con ya siku nne za meza tupu nayo naona ni nyingi kwa mtu anayependa pia konsoli. PAX hamjaisema kabisa. Je, ndiyo ya katikati?

Nuru ya Pikseli

Ndiyo, na kwa maelezo yako ningekuambia PAX bila kusita. Ilianza 2004 ikiwa mkusanyiko wa wasomaji wa katuni ya mtandaoni ya Penny Arcade, na asili hiyo bado inaonekana: imeandaliwa kwa ajili ya shabiki, haina siku ya wafanyabiashara kwanza. Ya Seattle ni siku nne, wikendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba au mwishoni mwa Agosti. Ipo pia ya Boston, na ya Melbourne kwa walio upande huo. Ya Philadelphia, PAX Unplugged, ni ya gemu za mezani peke yake.

Ukumbi wa maonyesho upo, na foleni zipo. Lakini ondoka hapo uende kwenye vyumba vya kucheza bure. Kuna chumba cha konsoli ambapo unaazima gemu kutoka rafuni na kukaa. Kuna maktaba ya gemu za mezani kwa mtindo huohuo: unaazima boksi, unatafuta meza, ukiona watu watatu wanafungua gemu ya wanne unauliza kama kuna nafasi. Karibu kila mara ipo. Wahudumu wa kujitolea, wanaoitwa Enforcers, ndio wa kuwaendea ukikwama; waambie uko peke yako na unatafuta meza. Kelele zikikuzidi, kuna AFK Room, chumba tulivu cha kupumzikia. Kitumie bila aibu.

Shabiki Mpya

Basi PAX West. Swali la mwisho: ninunue beji kwanza au nishughulikie viza kwanza?

Mzee wa Konsoli

Viza, kama pasipoti yako inaihitaji. Ya Marekani ina mahojiano, na kwenye baadhi ya balozi miadi ya mahojiano hupatikana baada ya miezi mingi, kwa hiyo omba miadi leo hata kabla ya kuangalia hoteli. Beji hazikuhakikishii viza. Zikianza kuuzwa kabla hujajibiwa, soma kwanza masharti ya kurudishiwa pesa au kumhamishia mtu mwingine, ndipo ulipe.

Ukinyimwa, usiache safari. Geukia Essen. Maombi ya Schengen, viza ya Ulaya inayotumika Ujerumani, unaweza kuyapeleka hadi miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15, ukiwa na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Oktoba inakuja baada ya PAX, hivyo jibu la Marekani likichelewa bado utakuwa na muda wa kuandaa makaratasi ya Ujerumani.

Dadu Mbili

Na ikifika hapo, uandike humu. Essen huwa tunakuwa kadhaa, na Alhamisi asubuhi tunakuwa na meza.