Mrejesho: kumbukumbu za kuzamia zimehama zikiwa kamili

Niliuliza namna ya kuhamishia kumbukumbu zangu za kuzamia kwenye Subsurface, programu ya kutunza kumbukumbu hizo, bila kupoteza mchoro unaoonyesha kina nilichofikia kila wakati. Faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu) niliyoitoa kwanza ilibeba muhtasari tu, yaani tarehe, muda na kina kikubwa zaidi, ilhali ile ya UDDF, muundo wa kubadilishana data za kuzamia unaojengwa kwa XML (lugha ya kupanga data kwa alama), ilihifadhi kila kipimo na sekunde yake, pamoja na shinikizo la mtungi wa kupumulia. Nilipoifungua nilishtuka kuona joto la maji ni 300.15 na shinikizo ni 20000000. Kumbe UDDF hutumia kelvini na paskali, kwa hiyo hizo ni nyuzi 27 za Selsiasi na baa 200. Faili asilia nimeitunza, maana kumbukumbu hizi nazithamini mno. Nawashukuru sana mlionielekeza.