Mjadala: Msichana akisoma mapenzi ya mtu anayegeuka mnyama, kosa liko wapi?

Muuza mitumba, Busia
Jamani, tujadiliane bila matusi. Juzi niliitwa kwenye shule ya bweni anakosoma mdogo wangu, yuko kidato cha pili. Matroni alikagua mabweni akakuta riwaya chini ya godoro, imeviringishwa kwenye sweta. Jaladani kuna mwanamke ameshika upanga, na nyuma yake jitu la macho ya njano. Akaniuliza nyumbani kwetu tunaabudu nini.

Kitabu ni changu. Nilikinunua Kampala kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba njiani. Kwa asiyezijua, hizi ni hadithi za mjini, mji wenye foleni na kodi ya nyumba, ila jirani yako usiku anageuka mnyama. Marekani zilishika kasi kuanzia miaka ya 1990. Shujaa mara nyingi ni mwanamke. Ninayempenda kuliko wote ni fundi magari anayegeuka aina ya bweha, na mikono yake haiishi grisi. Hasubiri kuokolewa.

Swali langu: shule ilikuwa na haki ya kukichukua? Na kweli vinamharibu msichana?

Mlokole, Tororo
Dada, mimi namuunga mkono matroni. Kwa Wazungu hiyo ni michezo. Sisi tuna abasezi, watu wanaosemekana kutoka usiku kucheza uchi na kula maiti, na kuna familia zimehama vijiji kwa kushukiwa tu. Sheria ya uchawi hapa Uganda tunayo tangu 1957. Leo mtoto asome kwamba kiumbe wa namna hiyo ni mchumba?

Mwanafunzi wa sheria, Kampala
Kaka, sheria hiyohiyo ilifika Mahakama ya Katiba mwaka 1997, ikaamuliwa kwamba kumfukuza mtu kwao kwa kosa la uchawi ni kinyume cha Katiba. Sasa kama mtu hafukuzwi kijijini, riwaya inafukuzwaje bwenini?

Mlokole, Tororo
Riwaya haina haki za binadamu, mwanasheria. Na mwenye bweni ndiye mwenye kanuni za bweni.

Mjukuu wa Ngo, Masaka
Mimi ukoo wetu ni wa Ngo, yaani Chui. Chui ni mwiko wetu, hatumuui. Babu hakuwahi kusema tunageuka, lakini niliposoma habari za mtu-chui sikuona shetani. Niliona jamaa.

Ssenga, Mbale
Wanangu, mimi kazi yangu ni kufunda mabinti kabla hawajaolewa, kwa hiyo niliazima kimoja nikakisoma mpaka mwisho. Kugeuka mnyama hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kingine. Mwanzoni binti anapiga majitu, anajilipia kodi, namshangilia kabisa. Kufika katikati anatokea huyo dume wanayemwita alfa, yaani mbabe wa kundi la wanaogeuka mbwa mwitu. Anamnusa shingoni, anamwambia "wewe ni wangu, ilishaandikwa," kisha anamfungia ndani eti asidhurike. Na binti wetu analegea! Yule aliyekata vichwa vitatu ukurasa wa kumi! Mchumba akimfanyia hivyo binti yangu hapa Mbale, mahari yake narudisha siku hiyohiyo.

Mwanafunzi wa sheria, Kampala
Ssenga, shikamoo. Kudai mahari irudishwe Mahakama ya Juu ilishakubatilisha mwaka 2015. Huyo alfa hana cha kudai.

Ssenga, Mbale
Marahaba. Basi ng'ombe wabaki, yeye aende.

Mwongoza watalii, Kasese
Naomba niingie hapo kwenye alfa. Wazo hilo la mbabe mmoja kutawala kundi lilitokana na mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja bila kujuana, wakawa wanagombana. Mtafiti David Mech alilisambaza kwa kitabu chake cha 1970, kisha baadaye akalikana mwenyewe: porini kundi ni baba, mama na watoto wao. Sasa mapenzi yote hayo yamejengwa juu ya wanyama wa kizuizini.

Halafu mbwa mwitu huyo kwetu hayupo. Ukitamka "mbwa mwitu" mimi namwona yule wa mabaka mwenye masikio mapana. Mkitaka jike shujaa, mwandikeni fisi. Fisi madoa jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye mtawala. Dume mgeni akijiunga na ukoo anawekwa chini hata ya watoto. Nimewaona tambarare za Kasenyi kwenye mzoga wa nyati: majike yanavunja mifupa, madume yamekaa pembeni yanameza mate.

Mlokole, Tororo
Nani ataoa fisi?

Mwongoza watalii, Kasese
Yeye ndiye atakuoa.

Muuza mitumba, Busia
Nimecheka mpaka mteja akaondoka bila kununua. Ssenga, umenigusa. Kurasa zile za kufungiwa ndani nazijua, na ukweli huwa nazifurahia, ndiyo aibu yangu. Lakini nikiwa kibandani tangu alfajiri, ninayekaa naye moyoni jioni ni yule mwanamke anayeogopa na bado anakwenda. Dume simkumbuki hata jina.

Kwa mlokole nakubali kitu kimoja: kuna kurasa ambazo si za kidato cha pili, na ningekificha vizuri zaidi. Ila matroni angesema hivyo. Hakusema. Alitazama jalada tu, na kitabu bado anacho yeye. (Nina wasiwasi anakisoma.)

Mdogo wangu sasa anaandika cha kwake kwenye kaunta buku, tena kwa Kiswahili. Si Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe shule zote? Shujaa wake anaendesha bodaboda hapa mpakani, na usiku anakuwa fisi. Sura ya kwanza afisa anamwomba pasipoti. Amekwama kwa mpenzi, hajui awe mnyama gani.

Ssenga, Mbale
Awe mtu tu. Na awe na kazi.