Ukuta wa shule umekuwa ubao wa waganga na choo cha wapita njia. Tuchore picha au tutapoteza hela?

MamaWawili:
Habari za jioni wakuu. Niko kwenye kamati ya shule ya msingi huku Temeke. Ukuta wetu wa upande wa barabarani, kama mita 40 hivi, umetushinda. Tukipaka chokaa Jumamosi, Jumatatu tunakuta "MGANGA KIBOKO: MAPENZI, BIASHARA, MALI ILIYOIBWA" na namba ya simu. Chini yake watoto wameandika kwa mkaa nani anampenda nani. Kona ya mwisho, karibu na kijiwe cha bodaboda, ndiyo choo. Tuliandika USIKOJOE HAPA FAINI 50,000. Juzi nimepita nikakuta FAINI imebaki FAI, maana wanalenga hapohapo.

Kuna kijana mchoraji anataka milioni 1.2 achore ukuta wote: twiga, mlima, watoto wanasoma. Wazazi wengine wanasema bora madawati. Je, picha inazuia kweli, au baada ya mwezi mganga atarudi na namba yake juu ya twiga? Naombeni uzoefu.

Kobe la Pwani:
Mganga akiona twiga atajua ni tangazo la mwenzake. 😂 Nunueni madawati.

FundiRangi_Mbagala:
Dada, usimlipe mtu kabla hajakwangua hiyo chokaa. Rangi ikipakwa juu ya chokaa inabanduka yote kama ganda la yai, hata iwe ya bei gani. Kwangua, piga msasa, osha, acha ikauke, halafu praima (rangi ya kwanza ya kushikilia), ndipo upake weza gadi, rangi ya nje inayohimili mvua. Na msikubali rangi ya mafuta kwa sababu tu michoro ya Tingatinga inang'aa. Ile ilianza kwenye vipande vya ubao, ukuta wenye unyevu ni kitu kingine. Masika yamekaribia, mkichora sasa mtalia Mei.

Njiwa wa Philly:
Nipo Philadelphia, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa. Huku kuta zenye picha ni maelfu, na chanzo chake ni tatizo kama lako. Mwaka 1984 Meya Wilson Goode alianzisha mpango wa kupambana na maandishi ya ukutani, na mchoraji Jane Golden akapewa kazi ya kukaa na haohao vijana waliokuwa wanachafua. Aliwapa kuta halali wachore. Mwaka 1996 mpango ukawa Mural Arts, upo mpaka leo. Kuna picha nyingine wanachora kwanza ndani, kwenye kitambaa chepesi kilichogawanywa vipande, kila mtu anapaka chake, kisha vinagandishwa ukutani. Hata mtoto asiyejua kuchora anapaka. Kwa hiyo swali langu kwako: hao wa mkaa na hao wa kijiweni, kuna aliyewauliza?

Otis wa Laini Saba:
Naunga mkono. Huku Kibera baada ya uchaguzi wa 2007 watu waling'oa reli. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 wachoraji walipewa ruhusa wakachora mabehewa ya treni inayopita hapo, ujumbe ukiwa ni amani. Siwezi kukuambia picha ndiyo ilileta utulivu, siasa ina mambo mengi. Lakini waliochora ni watu tunaowajua, na kuchafua kazi ya jirani si rahisi.

Kobe la Pwani:
Sawa, mganga mtampa brashi. Na aliyebanwa na mkojo mtampa nini? Choo cha kulipia kiko umbali gani na hapo?

MamaWawili:
Kobe, umenigusa. Choo kiko stendi, mwendo wa dakika kumi.

Wakuu nimerudi. Nimekwenda kijiweni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nilitegemea matusi. Kumbe mmoja wao ndiye anawachorea wenzake majina kwenye tangi za pikipiki, mkono wake umetulia kuliko wa huyo wa milioni 1.2. Wameomba kona ile iwe yao, wachore pikipiki na jina la kijiwe, wao wailinde. Mwalimu mkuu hajafurahi, anasema shule si gereji. Tumebishana mpaka saa moja usiku, mwishowe amekubali kona hiyo tu. Kwingine watoto wa darasa la sita watapaka mikono yao. Choo tunaomba mtaa uzungumze na mwenye gereji ya jirani.

Tatizo jipya: tulipokwangua tumekuta lipu imelowa, kumbe mtaro wa shule unavujia ukutani. Tunaanza na mtaro, tubomoe pale palipooza tupige lipu upya. Fundi, ikae siku ngapi kabla ya praima?

FundiRangi_Mbagala:
Siku 28, dada. Atakayekwambia wiki moja mkatalie. Na picha ya hiyo pikipiki uirushe humu.