Binti kapata D ya fizikia kidato cha pili, aende art?

Mama Supu
Habari za jioni wakuu. Nina kibanda cha supu na chapati hapa Makambako, kwenye maegesho ya malori. Binti yangu kaingia kidato cha tatu. Kidato cha pili kapata baiolojia B, kemia C, fizikia D. Mwalimu kaniita, anasema baiolojia ni ya lazima kwa wote lakini fizikia na kemia sasa ni hiari, bora aziache asije akaharibu divisheni. Mtoto analia, anataka uuguzi. Mimi niliishia la saba, hata cha kumuuliza sikijui. Usiku namwona anakariri mpaka saa sita, nikimwambia nieleze kwa Kiswahili, anakwama. Nifanyeje?

Kona Kali
Aende art, mama. Mimi nimesoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, leo nipo kijiweni na bodaboda. Fizikia naitumia kukatia kona.

Mshika Bureti
Kamwene mama. Huyo wa bodaboda kwenye ajira hajadanganya, ila hajajibu swali lako.

Nimetunza maabara za shule za kata miaka 11. Tuanze na uuguzi: vyuo vya diploma vinataka ufaulu wa kemia, baiolojia na fizikia, na D, yaani kuanzia alama 30, ni ufaulu. Akiziacha leo, mlango wa uuguzi kaufunga mwenyewe.

Sasa cha kumuuliza ni hiki: siku ya praktiko, nani anashika vifaa?

Nakwambia nilichokiona. Bureti moja, ule mrija wa kioo wenye koki wa kupimia asidi, wanafunzi wanane. Wavulana wawili wanaikamata, wengine wanachungulia, na msichana mwenye mwandiko mzuri anapewa daftari aandike namba. Kila wiki hivyo hivyo, anakuwa karani wa kikundi. Daftari lake linang'aa, mwalimu analisifu. Kidato cha nne pepa ya vitendo inajitegemea na kila mtu anakaa na vifaa vyake. Nilikuwa na binti mmoja wa aina hiyo, akili nyingi sana. Kwenye mock alifungua koki ya bureti kama bomba la mvua. Asidi ikashuka yote, rangi ya maji kwenye chupa ya chini ikaruka kutoka njano hadi waridi kabla hajapepesa jicho, wakati pale mwishoni unatakiwa kwenda tone kwa tone. Alikuwa ameandika matokeo ya wenzake miaka miwili, koki hajawahi kuigusa. Lile kosa naliweka kwetu sisi watu wazima tuliokuwa tunasifia daftari.

Kwa hiyo nenda shuleni, ukaombe zamu. Usigombe, omba tu kila mtoto ashike.

Na nyumbani kuna fizikia isiyohitaji maabara. Chukua uzi na nati ya baiskeli. Ning'iniza kwenye boriti ya kibanda, kutoka pale ulipofunga hadi katikati ya nati iwe mita 1 kamili. Isukume kidogo tu, ahesabu mizunguko 20, kwenda na kurudi ndiyo mmoja. Simu itasoma sekunde 40 hivi. Halafu fupisha hadi sentimita 25. Usimwambie jibu, mwache akisie kwanza. Watoto wengi wanasema 10, kwa sababu uzi umepungua mara nne. Itakuja 20. Hapo ndipo atataka kujua kwa nini, na ile fomula aliyoikariri saa sita usiku itapata mahali pa kukaa. Ni praktiko ya kidato cha nne kabisa hiyo.

Chaki Mkononi
Naongeza la lugha, maana kukwama kwake si ujinga. Darasa la saba kasoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza. Tena sokoni tuna neno moja, uzito, kitabuni yako mawili. Mama, gunia lako la mchele la kilo 50, zile kilo ni tungamo, yaani wingi wa mchele wenyewe. Uzito ni jinsi dunia inavyolivuta, kama nyutoni 500, nyutoni ndiyo kipimo cha nguvu. Akuelezee wewe kwa Kiswahili kwanza, ndipo aandike kwa Kiingereza. Akifanya kinyume anabaki na kasuku kichwani.

Mama Supu
Asanteni sana, Mungu awabariki. Narudi na mrejesho.

Jumamosi tumefunga uzi kibandani. Mita 1 imetoa sekunde 40, sentimita 25 ikatoa 20. Binti alikuwa kakisia 10. Kuna dereva wa lori alikuwa anakunywa supu, akadai nati ni nyepesi, tufunge kitu kizito kitaenda mbio. Wakawekeana soda. Binti akafunga jiwe la mizani la nusu kilo, kapima uzi upya hadi katikati ya jiwe: 40 tena! Dereva kahesabu mwenyewe mara tatu ndipo akalipa.

Jumatatu nikaenda shule. Nilipouliza nani anashika vifaa, mwalimu alicheka, kisha akanyamaza. Kasema wiki ijayo wataanza kwa zamu. Binti anabaki sayansi, tumekubaliana.

Mshika Bureti, sasa anataka kujifunza umeme. Betri za tochi ninazo. Balbu ndogo zile na waya niulizie duka gani, la redio au la spea za pikipiki?