"HILI SI DALADALA": mama yangu mzazi kaambiwa hivyo leo, mbele za watu, na mwenye mkweche

Naandika mikono ikitetemeka, kwa hiyo wale wa kusahihisha nukta na koma mpite kimya kimya.

Mume wangu mnamjua. Simtaji jina, na sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kupita Tabata akanusa petroli mbichi asubuhi anamjua. Yule wa ovaroli la bluu siku ya Jumapili wenzake wakiwa ibadani. Yule anayesimama katikati ya njia kumwelekeza dereva wa bajaji apite mbali na gari lake, kwa mikono miwili, utadhani anashusha ndege. Huyo huyo.

Leo mama yangu kaja kutoka Muheza. Mama mzazi. Aliyempa huyu bwana mke kwa mahari ambayo mpaka leo haijakamilika kwa sababu iliyobaki ilinunua gasketi ya silinda hedi. Nikasema nikampokee na teksi pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Akasema hapana, mkwe wangu hawezi kupokewa na teksi mimi nipo, tunaenda na Pijo, yaani hilo Peugeot lake. Hapo hapo tumbo likanikata.

Mama kashuka na kikapu na gunia la machungwa. Yuko njiani tangu alfajiri, miguu imevimba. Kafungua mlango wa nyuma, kaingia, kavuta mlango. Mlango ukalia. Jamani, mlango wa chuma ukivutwa unalia! Yule bwana hata kugeuka hakugeuka, kamtazama mkwewe kwenye kioo cha kati, akasema:

"Mama, taratibu. Hili si daladala."

Hili. Si. Daladala.

Pale stendi. Mbele ya wapiga debe. Kuna mmoja aliacha kuita abiria wa Morogoro akaguna, na mpiga debe akiguna ujue umevuka mpaka. Kwetu sisi mkwe humtazami usoni mkapepesana. Huyu anamfundisha kufunga mlango!

Mimi nimevumilia mengi na hilo gari, mnajua. Peugeot 504, saloon, gia ziko kwenye usukani, kabureta liko kwenye meza yangu ya chakula. Nimeishi naye nikidhani 1971 anayoitaja kila siku ni mwaka lilipotengenezwa, kumbe ni cc, ukubwa wa injini, eti kabla ya hapo zilikuwa 1796, na mimi hilo linanisaidia nini kwenye ugali? Mgeni akija, soda haijafunguliwa, kashaambiwa kwamba mwaka 1969 lilikuwa Gari la Mwaka la Ulaya, kwamba umbo lake lilichorwa na Pininfarina, wabunifu wa Italia, kwamba taa za mbele ni macho ya mwigizaji Sophia Loren. Sijui huyo Sophia ni wa mtaa gani lakini siku nikimwona tutaongea. Tulienda msibani Korogwe, marehemu hajashushwa kaburini, yeye kajikusanyia waombolezaji chini ya mwembe anawasimulia dereva Ove Andersson alivyochukua na 504 mashindano ya magari ya Safari Rally ya 1975. Mfiwa mwenyewe alikuwa anasikiliza.

Hayo yote nimemeza. Petroli kwenye chupa ya maji ndani ya friji yangu nimemeza (si petroli, hiyo hali, mnanielewa). Fulana zangu kugeuzwa vitambaa vya kung'arishia boneti nimemeza. Lakini kumwambia mama yangu hili si daladala?

Na sikilizeni. Tumefika Kimara. Sijasema Ubungo, nimesema Kimara. Likakohoa, likazima. Kashuka, kapandisha boneti, "ni kabureta tu". Tangu anioe ni kabureta tu. Mama katulia nyuma, kikapu mapajani. Baadaye akauliza kwa ule upole ambao mimi mwanawe naujua na ninauogopa:

"Baba, nikifungua huu mlango nishuke, hautaumia?"

Akajibu nini? "Hapana mama, subiri nikufungulie mwenyewe."

AKAMFUNGULIA. Kwa mikono miwili! Hakuwa anamheshimu mama, alikuwa analinda bawaba! Mama kashuka, kaninyooshea mkono tukaagana, kasimamisha daladala. Konda akapiga kelele, "Mpisheni mama akae!" Wakampisha. Kaenda zake Mbagala kwa mdogo wangu na simu kazima.

Gari limevutwa kwa kamba mpaka nyumbani. Machungwa ya mama yalibaki kwenye buti. Sasa hivi ninavyoandika, yule bwana yuko uani anafuta alama za vidole vya mama yangu kwenye ule mlango, HUKU ANAKULA MACHUNGWA YAKE.

Kijukuu cha Pwani: Umeandika gazeti zima hujasema anauza bei gani.

BintiSegerea: Mimi nimeishia kwenye mahari. Mahari haijaisha halafu anapandisha sauti kwa mkwe? Huyo bado ni mchumba. Rudi kwenu na hilo gunia.

Mleta mada: Gunia analo yeye, ndugu yangu. Limebaki nusu.

Nimekaa Pale: Nilikuwepo kwenye harusi yenu. Tuliosukuma lile gari kutoka ukumbini tuko hai wote na viuno bado vinauma. Bibi harusi ulikuwa ndani unapunga mkono. Leo ndiyo umegundua?

Mleta mada: Nilikuwa napunga mkono mnitoe. Na siku ile hakumwambia mtu hili si daladala.

Mzee wa Nakuru: Habari zenu ndugu zetu wa Bongo. Naomba mumwambie huyo bwana jambo moja kutoka kwa mzee aliyekuwa utingo. 504 station wagon ndiyo ILIKUWA matatu. Nairobi kuja Nakuru tulikuwa tunazijaza mpaka mtu wa mwisho anafunga mlango kwa makalio. Tulibamiza ile milango mchana na usiku na gari halikusema kitu. Senegal nako zimebeba abiria wa viti saba miaka na miaka. Kwa hivyo mama hakukosea, alifunga mlango vile gari limezoea.

BintiSegerea: 😂😂😂 LILIKUWA DALADALA! Dada, mchapishie hii, bandika kwenye friji karibu na petroli.

Mleta mada: Mzee shikamoo. Nimemsomea kwa sauti kupitia dirishani. Amenyamaza, amekula chungwa lingine.

Fundi Rejeta: Tusipotoshane. Iliyokuwa matatu ni station wagon. Ya huyu jamaa ni saloon. Station ni ndefu, nyuma ina ekseli ya moja kwa moja na springi nne za koili, mbili kila upande, ndiyo maana ilibeba watu na mbuzi. Huwezi kuchanganya. Jamaa kiufundi yuko sahihi, lile si daladala.

Mleta mada: Mimi sijaleta springi hapa, nimeleta MAMA.

Fundi Rejeta: Sawa, pole. Ila bawaba za lile gari kuzipata ni shughuli. Na hiyo "ni kabureta tu" mwambie aangalie pointi na kondensa za umeme wa kuwasha kwanza. Gari ikizima ikiwa ya moto, wengi wanaonea kabureta bure.

Shemeji wa Ukweli: Kwa hiyo fundi umekuja kumsaidia gari lake liwake vizuri. Dada wa watu analia.

Fundi Rejeta: Likiwaka atalia kidogo.

Mama Pacha: Pole mwaya. Hivi si sawa tu na kuwa na mke mwenza?

Mleta mada: Msinitajie mke mwenza. Mke mwenza ana zamu. Mke mwenza ukiumwa anaweza kukupikia uji. Na mke mwenza asingemwambia mama yangu hili si daladala.

Datsun Damu: Tatizo ni kwamba jamaa anajisifia gari ambalo halina rekodi ya kutisha. Safari Rally Peugeot 504 kachukua 1975, akarudi na kupe 1978, basi. Sisi tulimpata Shekhar Mehta, 1973 na Datsun 240Z, halafu nne mfululizo na Violet kuanzia 1979 mpaka 1982. NNE. Mwambie mumeo aje hapa tuongee.

Mzee wa Nakuru: Kijana, umesahau Peugeot 404. Dereva Nowicki 1963. Na 404 ikachukua tena 1966, 1967 na 1968. Hesabu Peugeot zote uone.

Datsun Damu: Mzee, mada ni 504. 404 ni gari jingine.

Mzee wa Nakuru: Na 240Z na Violet ni gari moja?

Lancer ya Babu: Mnabishana hapa dereva Joginder Singh mmemweka wapi? 1965 na Volvo, 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Tulikuwa tunamwita Simba wa Kenya. Hiyo 1975 ya Andersson imebanwa katikati ya Lancer mbili.

Mleta mada: Jamani mmefanana naye. Mmefanana naye wote. Mama yangu yuko Mbagala hajala!

Nimekaa Pale: Kwani kwa mdogo wako hawapiki?

Baba Nyumba Ndogo ya Kuku: Naomba niseme kwa niaba ya wanaume. Mnatusema magari, mbona nyie hamsemwi makabati? Mke wangu ana kabati la kioo sebuleni. Ndani kuna vikombe vya kitchen party, sahani zenye maua, glasi za mguu mrefu, jagi lenye umbo la bata. Sijawahi kunywea hata kimoja. Mimi mwenye nyumba, mlipa kodi, nanywea chai kwenye kikombe cha plastiki kilichotoka na sabuni ya unga. Nikisogea kwenye kabati nasikia "we baba weee, vya wageni hivyo!" Mimi ni nani humo ndani?

Mnyonge Mnyongeni: Umenigusa ndugu. Wa kwangu ana makochi yamevikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono. Ukikaa kinateleza, ukisimama unasemwa umekiharibu. Nakaa kwenye stuli sebuleni kwangu. Makochi yanatazama runinga.

Kijukuu cha Pwani: Makochi yanatazama runinga 😂😂 nimefukuzwa kwenye kikao.

Mama Pacha: Ngoja kwanza. Kabati la vyombo ni heshima ya nyumba. Huwezi kulilinganisha na mkweche wa watu. Kabati halizimiki Kimara.

Baba Nyumba Ndogo ya Kuku: Halizimiki kwa sababu haliendi popote! Angalau Pijo limefika Kimara.

Mleta mada: Hapo sikubali. Vyombo vya kabatini ni vya wageni, hilo liko wazi, wala si ubaguzi. Ukinywea kila siku vinabaki vitatu, mgeni akija unampa kikombe cha shikio moja lililobaki nusu? Mimi vyangu ni seti kamili tangu kitchen party na hakuna aliyevigusa.

Shemeji wa Ukweli: Hakuna aliyevigusa hata mgeni?

Mleta mada: Inategemea mgeni.

Baba Nyumba Ndogo ya Kuku: Mnaona? MNAONA? Hicho kikombe kinasubiri nani, rais?

Mama Pacha: Mwenzangu usiwajibu hawa. Mimi vyangu nimevihesabu na kila mwezi navipangusa. Mwanaume akishika glasi ya mguu mrefu lazima aigonge kwenye bomba la sinki.

Mleta mada: Lazima! Na akishaigonga anairudisha kimya kimya imegeuzwa upande mzima uonekane mbele. Wa kwangu aliwahi kupimia oili kwenye jagi langu. Nilikaa kwa dada yangu mpaka akanunua jingine.

Fundi Rejeta: Oili ya injini au ya giaboksi?

Mnyonge Mnyongeni: Na vile vitambaa vya kochi mnavitoa wapi hasa, kuna kiwanda? Nataka kujua adui yangu anaishi wapi.

BintiSegerea: Nashona mimi hapa Segerea, seti nzima na cha runinga. Njoo PM.

Mnyonge Mnyongeni: Kumbe ni wewe.

Lancer ya Babu: Datsun Damu umekimbia?

Datsun Damu: Nipo, natafuta picha.

Mgeni Rasmi: Wakuu samahani, sijasoma uzi wote. Nina milioni kumi taslimu, nachukua Toyota IST au niongeze kidogo nichukue Toyota Spacio? Matumizi ni kazini na kanisani tu.

Fundi Rejeta: IST. Ila pitisha kwangu kwanza nisikilize injini.

Mama Pacha: Spacio. Ina nafasi, kabati linaingia likiwa limelala.