Mjadala: Ni askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865, Kaskazini dhidi ya Kusini, walioeneza besiboli Marekani?

MzeeWaRekodi: Husemwa askari wa New York waliwafundisha wenzao besiboli makambini, na wafungwa wakaipeleka Kusini. Ushahidi unaopendwa ni mchoro wa Otto Boetticher: mateka wa Kaskazini wakicheza gerezani Salisbury, North Carolina, 1862. Naona chumvi imezidi. Klabu zilishakutana na kukubaliana sheria 1857, vita havijanukia.

Kombora: Klabu za New York na jirani zake tu, mkuu. Massachusetts walikuwa na mchezo wao: nguzo badala ya vituo vya kukimbilia, mmoja akitolewa zamu ya timu imekwisha, mshindi ni wa kufikisha pointi 100. Mkimbiaji alitolewa kwa kupigwa mpira mwilini. Yaani rede ya watoto, basi.

BintiMrima: Rede gani yenye gongo? Mkishaona mtu anakwepa mpira mmefunga hesabu.

Kombora: Nimesema kukwepa, gongo umeleta wewe. Soma kwanza, povu baadaye.

FunguNgozi: Mpira wenyewe mmeuacha. Sheria za mchezo wa Massachusetts, zilizopitishwa mjini Dedham, 1858: usizidi aunsi 2¾, gramu 78 hivi. Wa New York wa 1857 ulikuwa aunsi 6 na ushei, zaidi ya gramu 170. Kiini cha raba, uzi, kisha ngozi. Huo ukikupata mbavuni, kesho bunduki hushiki. New York walishakataza kumlenga mkimbiaji tangu 1845, kwa hiyo waliweza kutumia mpira mzito na mgumu. Kambini mpira ulikuwa wa kuunga: uzi usipokazwa kila tabaka, gongo likishaugonga unalegea, ngozi inacheza, na hauendi unakolengwa.

BintiMrima: Umesikia, Kombora? Aunsi 2¾ si rede ya soksi.

Kombora: Soksi ya kwetu ukiijaza vizuri inazidi hapo. Pima.

MzeeWaRekodi: Jamani, Salisbury! Mchoro ni wa 1862, gereza bado lina nafasi. Mwishoni mwa 1864 lilifurika, ubadilishanaji wa mateka ulishakwama. Hapo ni njaa na kuzikana. Nani alikuwa akifundisha?

Kadeti39: Kwani besiboli si ilibuniwa na Jenerali Doubleday, Cooperstown, 1839?

FunguNgozi: Mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi West Point, chuo cha kijeshi. Hadithi hiyo ilipigwa muhuri na tume ya Mills, iliyochunguza asili ya besiboli, 1907, mwenyewe yuko kaburini.

Kadeti39: Wanafunzi hawana likizo?

BintiMrima: Mods, rede ipewe uzi wake. Huyu naye apewe likizo.